Mkanda wa Baba Mdogo na Mkanda wa Duka

Baba mdogo alikuwa fundi wa redio kwa sababu moja tu: aliwahi kukaa Bukoba akiuza ndala kwenye kibaraza kimoja na fundi wa redio. Aliporudi Ihembe alikuja na bisibisi mfukoni, na kuanzia siku hiyo hakuna redio iliyokwaruza kijijini kwetu bila yeye kuitwa. Nyingi alizifungua. Chache alizifunga. Lakini alikuwa na maneno, na mtu mwenye maneno na bisibisi utamfanya nini?

Nasema haya bila chuki. Ni mdogo wake marehemu baba yangu, amenilea pamoja na Babu na Bibi, nampenda. Ila nikimkumbuka na kaseti zake, damu inanichemka mpaka leo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya msingi, niko nyumbani nachuma kahawa na kupika. Vita vilikuwa vimekwisha, na vitu madukani vilikuwa vimekwisha pia. Sabuni ilipatikana kwa kujuana, na betri kwa kujuana zaidi. Katika hali hiyohiyo ndipo watu wa redio walipokuja kumrekodi Babu.

Babu alikuwa mpiga enanga. Alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, akaja kulima kahawa ya watu, akamwoa Bibi, Mnyambo wa hapahapa Ihembe, na safari ikaishia hapo. Enanga ni ubao mrefu uliochongwa bonde katikati, nyuzi zimetandazwa juu yake. Mpigaji anaupakata, anapiga huku anasimulia. Na kwetu mpiga enanga haachwi asimulie peke yake. Kila anapofika mahali pa kuvuta pumzi anasimama kidogo, na wasikilizaji wanamwitikia: "Ego waitu!" Yaani ndiyo, mkubwa wetu, tuko nawe, endelea. Usipoitikia umemtukana. Anaweza kuweka ubao chini akauliza nyumba hii imefiwa na nani.

Mwitikiaji mkuu wa Babu alikuwa Bibi. Hata akiwa jikoni anamenya ndizi, sikio lake lilikuwa sebuleni, na Babu akivuta pumzi tu, jiko lilijibu.

Basi wale watu wa redio walikuja na gari, na mashine yenye mikanda inayozunguka, na kijana mmoja aliyejifunika masikio kama mtu mwenye matubwitubwi. Babu akaanza. Alipovuta pumzi, Bibi akaitikia. Yule kijana akainua mkono. "Mama, tunaomba utulivu. Tunataka sauti safi." Wakaanza upya. Babu akavuta pumzi, Bibi akaitikia. Mwishowe walimwomba kwa heshima zote akakae nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Bibi wa watu akaenda kukaa kwenye migomba, nyumbani kwake mwenyewe, kwa amri ya kijana wa umri wa mjukuu wake!

Babu akaimba mpaka mwisho. Kila alipovuta pumzi alisimama kama alivyozoea, akangoja, hakuna aliyejibu, akaendelea. Walipomaliza walikunywa rubisi letu la ndizi, wakasifu, wakaahidi. "Tutakuletea nakala mzee, kutoka kwenye mkanda wenyewe wa asili. Safi kabisa, haina doa." Wakaondoka na mkungu wa ndizi nyuma ya gari. Nakala hiyo naingoja hadi leo.

Miezi michache baadaye Babu alipooza mkono wa kulia. Aliamka asubuhi, akauita mkono, haukuja. Enanga ikatundikwa ukutani, na yeye akawa anakaa chini yake kwenye kiti, anatazama mlangoni. Siku moja aliniambia, "Nimewapigia watu tangu ujana wangu, na sijawahi hata mara moja kukaa upande wa wasikilizaji. Nilidhani iko siku. Sasa mkono umekwenda, na sauti imekwenda na lile gari." Nilikwenda jikoni nikalia, nikausingizia moshi.

Ndipo redio yenyewe ikatangaza kwamba Jumapili ijayo, saa kumi jioni, tutamsikiliza mzee mmoja wa Karagwe na enanga yake. Nyumba nzima ilisimama. Kipindi kingepita mara moja tu. Kila mtu alielewa kilichokuwepo: sauti ya Babu ingepita hewani jioni hiyo, na tusipoikamata, basi tena.

Hapo ndipo mafundi walipoanza.

Nyaishozi kulikuwa na mzee wa duka, Mwislamu, baba yake alitoka Tanga na mzigo wa vitambaa akanogewa na baridi ya kwetu. Mzee huyu aliuza mafuta ya taa, chumvi na vitenge, na kwenye chumba cha nyuma alikuwa na redio kubwa ya kaseti mbili, inayotumia betri ya gari, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama bi harusi. Alikuwa anarekodi na kunakili kaseti za watu. Mkono wake ukigusa kile kitambaa, hata wanaopigania chumvi walishusha sauti.

Nilifika dukani pamoja na baba mdogo. "Shikamoo mzee," nikasema. "Marahaba binti yangu. Babu anaendeleaje?" Kabla sijajibu akamgeukia baba mdogo. "Nasikia unataka kuweka ile tepu yako ya kurekodia mbele ya redio, zitazamane."

"Ndiyo utaratibu," alisema baba mdogo.

"Wallahi huko si kurekodi! Huko ni kusikiliza kwa mashine. Mimi sauti yangu inapita ndani kwa ndani, toka redio mpaka kwenye kaseti, hata nzi hajui."

"Ndani kwa ndani sauti inakosa hewa, mzee. Ukiibana kwenye waya inachuja."

"Inachuja? Kwani ni kanga?"

"Kaseti unazonakili hapa nazijua. Nakala ya kwanza nzuri. Nakala ya nakala, mwimbaji yuko mbali. Ile inayofuata, mwimbaji amevuka Ziwa, unasikia upepo tu."

"Ni kaseti mnazoniletea! Zimelala juani, zimekanyagwa na mbuzi, halafu mnataka zitoke hapa zinang'aa!"

Watu walikuwa wamesimama na chupa zao za mafuta ya taa, wengine upande huu, wengine upande ule, na ninaapa hakuna hata mmoja aliyekuwa na tepu nyumbani kwake. Nikauliza kwa nini mzee wa duka asilete tu ile redio kubwa nyumbani kwa Babu, ikarekodi palepale. Wote wawili waliniangalia kwa huruma. Hilo halikuwa swali la kiufundi. Wakakubaliana kila mtu arekodi kwa njia yake, mmoja dukani, mwingine nyumbani, halafu Babu mwenyewe aamue.

Wiki hiyo sikupumzika. Betri zilianikwa juu ya bati mchana, jioni zikasogezwa karibu na mafiga zipate moto, mimi nazigeuza kama mahindi. Kaseti mpya haikupatikana, basi baba mdogo akachukua kaseti ya kwaya ya Bibi. Kaseti za namna ile huvunjwa vijisehemu vya juu ili zisifutwe, lakini baba mdogo alitafuna karatasi akaziba vile vitundu, na tayari. Bibi alimtazama. "Kwa hiyo unamfuta Mungu ili umweke baba yako."

"Ni upande mmoja tu, mama."

"Haya. Mungu anazo nyingine."

Jumapili ilipofika, baba mdogo alitoa amri zake. Mbuzi wakafungwe bondeni. Jogoo afunikwe tenga. Watoto waende kwa jirani. Hodi zisipigwe. Anayetaka kukohoa akohoe kabla ya saa kumi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na wageni wakija, nisiwasalimie?"

"Mama, tunarekodi."

"Hii ni nyumba au ghala?"

Wageni walikuja, tena kwa wingi, maana nani angekosa kumsikia Babu akitoka ndani ya redio na huku amekaa kwenye kiti? Walijaa sebuleni, wakakaa hadi kizingitini. Na mgeni kwetu haketi mikono mitupu. Bibi alipitisha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na kukaushwa na maganda yake, na kila mtu akachukua punje zake. Baba mdogo aliona kile kisahani kinazunguka, akafumba macho.

Tepu iliwekwa mezani mbele ya redio, zikatazamana. Saa kumi baba mdogo akabonyeza. Mtangazaji akasema, kwa sauti yake ya mjini, "Hamjambo wasikilizaji wapenzi!"

Sebule nzima ikajibu, "Hatujambo!"

Sasa utawalaumu? Mtu mzima amekuamkia, unyamaze? Baba mdogo alirusha mikono kama anafukuza kunguru. Wakaelewa, wakatulia, na katika utulivu ule ukaanza kusikia kahawa: kra, kra, kra, meno ya kijiji kizima. Mzee mmoja jirani akaingia amechelewa, na mimi, malezi yangu ndiyo hayo, nikampigia goti nikasema shikamoo. Akajibu marahaba kwa sauti ya mtu mwenye mifugo mingi. Redio ya ng'ambo nayo ikaingilia kidogo, mtu akasema maneno kadhaa ya Kinyarwanda, akatoweka.

Halafu enanga ikalia.

Jamani! Ule mkono uliokuwa umelala mapajani mwa Babu kama kitu cha kuazima, ulikuwa mzima ndani ya redio, unakimbia juu ya nyuzi. Babu aliinamisha kichwa, hakumtazama mtu. Sauti yake ikapanda, ikasimulia, ikafika mahali pa pumzi, ikasimama.

"Ego waitu!" akasema Bibi kutoka mlango wa jikoni.

Baba mdogo akageuka, kidole mdomoni. Pumzi ya pili ilipokuja, Bibi akaitikia tena, na safari hii wazee wawili watatu pamoja naye. Pumzi iliyofuata ilikuwa sebule nzima. Baba mdogo akasimama, mishipa ya shingo imemtoka, akapiga ukelele: "Nyamazeni! Tunarekodi!" Na huo ukelele ndio uliorekodiwa vizuri kuliko kitu kingine chochote jioni ile. Hakuna aliyenyamaza. Karibu na mwisho Babu mwenyewe alifungua mdomo, akasema taratibu, "Uzi wa tatu ulikuwa umelegea. Wale vijana walinikimbiza." Hilo nalo likaingia.

Siku mbili baadaye mzee wa duka alikuja kwa baiskeli, redio yake kubwa imefungwa nyuma na betri ya gari kwenye kapu. Kumbe inasafirika! Wakakaa mbele ya Babu. Wakaanza na mkanda wa baba mdogo, na ulikuwa aibu tupu. Kahawa, shikamoo, Kinyarwanda, kelele za "nyamazeni", na Babu mahali fulani katikati kama mtu anayeimba sokoni. Tena betri za tepu zilikuwa zimechoka zikirekodi, mkanda ulikuwa ukivutwa polepole, kwa hiyo kwenye mashine yenye nguvu mwisho wa wimbo ulikwenda mbio na sauti ikawa nyembamba, kama Babu amerudi utotoni. Mzee wa duka alitazama darini kwa adabu. Baba mdogo alitazama miguu yake.

Kisha ukawekwa mkanda wa duka. Loh! Ulikuwa kama maji ya chemchemi. Kila uzi ulisikika ukiguswa, na kila neno lilikuja na herufi zake zote. Mzee wa duka alitabasamu bila kufungua mdomo.

Babu alisikiliza hadi pumzi ya kwanza. Kimya. Akakunja uso. Pumzi ya pili, kimya. Akainua mkono mzima. "Zima. Watu wamekwenda wapi?"

"Hamna watu mzee, ni sauti safi," alisema mzee wa duka.

"Mimi nasema, wao hawasemi kitu. Nani huyu anayeimba peke yake kama mwehu wa njiani? Anasimama, anangoja, hakuna anayemjibu. Mbona mmenidhalilisha hivi?" Sijawahi kuona mtu akiumizwa na kitu kizuri namna ile. Akaonyesha kaseti ya baba mdogo kwa kidevu. "Ile. Weka ile yenye watu."

Basi baba mdogo alishinda, na ninaomba Mungu asinirudishie miezi iliyofuata. Alitembea Ihembe nzima akieleza kwamba sauti inahitaji hewa, sasa mmeona? Mpaka Mabira alikwenda kuwasalimu ndugu, akaeleza na huko. Na ile sehemu ya mwisho inayokimbia aliiita "kurudisha ujana", kana kwamba alikusudia. Mzee wa duka hakubishana. Aliuacha mkanda wake mezani, akamwambia Bibi, "Mama, utunze tu. Hauli chakula." Bibi akaufunga kwenye kipande cha kanga akauweka ndani ya sanduku lake, chini ya nguo za kanisani.

Babu alisikiliza ule mkanda mchafu kila siku betri zilipopatikana. Alicheka kwenye "nyamazeni". Kwenye uzi wa tatu alisema, "Kweli kabisa," akijikubalia mwenyewe. Tuliurudisha mwanzo kwa kalamu ya wino, tukiuzungusha kwa mkono tusimalize betri. Tepu iliutafuna mara nyingi. Mimi niliuchomoa, nikaunyoosha kwa kanga yenye joto, nikauunga kwa utepe wa karatasi. Kila kiungo kilikula neno. Baada ya miaka michache wimbo ulikuwa na mashimo, na jirani wa "marahaba" alikuwa ametoweka mkandani kama alivyokwisha kutoweka duniani.

Babu alifariki msimu wa mavuno ya kahawa, mchana, kwenye kiti chake. Niliumia, sitaki kueleza sana. Uwanja ulijaa watu. Baba mdogo, macho mekundu, akasema lazima baba asikike siku ya kuzikwa kwake, akaleta tepu yake, akaleta ule mkanda. Akabonyeza. Ukaimba kidogo, ukalia kama paka, ukakatika. Alipoufungua, mkanda ulikuwa umejizonga ndani mpaka kwenye magurudumu. Bisibisi ilikuwa mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujua aanzie wapi. Alikaa chini kwenye majani akashika kichwa. "Nimempoteza mara ya pili," alisema.

Mzee wa duka alikuwepo tangu asubuhi, amekaa na wanaume. Hakusema "nilikwambia". Alimtuma mtu Nyaishozi na baiskeli, redio kubwa ikaja na betri yake. Bibi akaingia ndani, akatoka na kipande cha kanga.

Enanga ikalia, safi, kila uzi mahali pake. Baba mdogo alikuwa ameibeba tepu yake akaiweka mezani karibu, kwa mazoea, uso kwa uso na ile kubwa. Wakati baiskeli ikingojwa alikuwa ameng'oa ule mkanda uliokatika, akatia kaseti nyingine, na betri zilikuwemo. Babu alisimulia, akafika mahali pa pumzi, akasimama. Ile nafasi tupu iliyomtia aibu akiwa hai. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, mbele ya watu wote, si kwenye migomba.

"Ego waitu," akasema.

Babu akaendelea palepale, kana kwamba ndicho alichokuwa anangoja. Pumzi ya pili tuliitikia sote, wanawake jikoni, wanaume uwanjani, mzee wa duka na lafudhi yake ya pwani. Na sauti iliyozidi zote ilikuwa ya baba mdogo, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola, anaitikia kwa kifua chote kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Nafasi zile zilitutosha kila mmoja. Wimbo ulipokwisha, Bibi alibaki ameinamisha shingo, anangoja pumzi nyingine, na hakuna aliyenyoosha mkono kuzima.

Jioni, watu walipopungua, nilikwenda kukusanya vyombo nikaiona tepu ya baba mdogo palepale mezani. Kaseti ilikuwa mwanzo kabisa, haijasogea. Nikapandwa na hasira. Miaka yote ya bisibisi na maneno, halafu siku yenyewe ndiyo hii!

"Baba mdogo, mbona hukurekodi?"

Aliniangalia kama nimeuliza upuuzi.

"Si nilikuwa naitikia," akasema.